Mmemwekea Kifaa, Hamjamponya

Kuna imani iliyoenea tangu hospitali zetu zianze kuwapandikizia watoto vifaa vya usikivu, na husemwa kwa nia njema kabisa: kiziwi akishawekewa kifaa, amepona. Habari huandikwa hivyo. Jamaa huitangaza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, pamoja na video ya mtoto anayeshtuka kifaa kinapowashwa huku mama yake akilia. Watu wanajibu Amina, Mungu ni mkubwa, na habari inaishia hapo. Mimi nasema imani hiyo si kweli, na wanaoumia kwa sababu yake ni walewale tunaodai kuwafurahia.

Ninaandika haya nikiwa na kipandikizi cha koklea kichwani. Usikivu wangu ulipungua kidogo kidogo tangu utotoni. Nilisoma nikiwa nimevaa shimesikio, nimekaa dawati la mbele, macho kwenye midomo ya mwalimu, hadi mashine ikabaki kunipa kelele tupu zisizo na neno ndani yake. Kipandikizi kimenirudishia mengi, na asitokee mtu wa kuyatumia maneno yangu kumkatisha tamaa mzazi. Kwa anayesoma midomo, baba na mama ni kitu kimoja. Midomo inafumba na kufumbuka vilevile. Leo ninayatofautisha hata nikiwa nimempa mgongo anayesema. Hilo si jambo dogo, na ninawashukuru walioliwezesha.

Lakini sijapona. Nikikivua kifaa nioge au nilale, sisikii chochote, hata mlango ukivunjwa. Kasha lenye maikrofoni linakaa nyuma ya sikio. Linaichambua sauti na kuipeleka, kwa waya mfupi wenye duara la sumaku, hadi kwenye kipokezi kilichopandikizwa chini ya ngozi. Kutoka hapo uzi mwembamba wenye elektrodi unaingia ndani ya koklea, sehemu ya ndani kabisa ya sikio, na kuisisimua neva ya usikivu kwa umeme. Koklea nzima ina seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000. Vipandikizi vingi vina elektrodi kati ya 12 na 22. Hizo chache ndizo zibebe sauti ya mjomba, honi ya bodaboda, adhana na taarabu. Daktari Graeme Clark, ambaye baba yake mwenyewe alikuwa hasikii vizuri, alipompandikizia mgonjwa wake wa kwanza huko Melbourne mwaka 1978, wanasayansi wengi walikuwa wamekwisha kumwambia haitawezekana maneno yapite kwenye njia nyembamba namna ile. Yalipita. Ila yanapita yakiwa yamepunguzwa sana, na anayejaza pengo ni ubongo wa msikilizaji, kwa jasho.

Kwa hiyo mtoto wa kwenye video hajasikia "mama". Amesikia kitu, na hajui ni nini. Kazi inaanza siku hiyo: kurudi kliniki mara kwa mara kifaa kirekebishwe, na kukaa na mtaalamu wa matamshi anayefunika mdomo wake kwa karatasi ili usiibe majibu kwenye midomo. Mimi zilinitesa sita na tisa. Anasema, ninarudia, anasema tena, ninakosea tena, karatasi bado iko pale pale. Katika chumba kile tulivu hatimaye nilizishika. Kwenye kibanda cha wakala kando ya barabara, jenereta likinguruma na daladala zikipita, bado ninamwomba kijana aniandikie namba kwenye simu, kwa sababu tarakimu moja ikikosewa hela inakwenda kwa mtu mwingine.

Hapa ndipo imani ya kupona inapouma. Zamani, shangazi akinipita na kusema neno nisijibu, watu wa nyumbani walimwambia, "Hasikii huyo, mguse bega." Sasa husemwa, "Mbona amewekewa kifaa? Ana kiburi tu." Kwetu kijana asiyeitikia mkubwa amejihukumu mwenyewe, hakuna kosa la adabu lililo wazi zaidi ya hilo. Nimeona mtoto mwenye kipandikizi akifinywa kwa kutomwamkia mgeni aliyeingia kwa mlango wa nyuma huku redio ikipiga kelele. Ulemavu wake ulikuwa haujaondoka, ila watu walikuwa wamekwisha kumnyang'anya haki ya kuwa nao. Kisichosikika sasa kinahesabiwa kuwa uvivu, ukaidi au dharau.

Shuleni ni hivyo hivyo. Mwalimu anahakikishiwa kuwa mtoto sasa anasikia, naye, akiwa na darasa lililofurika, anamrudisha nyuma ili dawati la mbele lipate mwingine. Kisha anageukia ubao na kuendelea kufundisha akiwa ametazama ukuta. Mwanafunzi anaambulia nusu ya sentensi, nusu nyingine anakisia, na kufikia saa nane mchana amechoka namna ambayo wenzake hawaijui, maana wao kusikia hakuwagharimu kitu. Jioni anasinzia juu ya daftari. Ripoti inasema hajitumi.

Wanaonipinga watasema: mbona wapo watoto wenye vipandikizi wanaozungumza vizuri na kufaulu mitihani? Wapo, tena nimewaona na kuongea nao. Waulizeni wazazi wao yaliyofanyika. Wengi walipandikizwa wakiwa wadogo sana, na miaka mitatu na nusu ya kwanza ndiyo ambayo ubongo hujifunza kusikia kwa urahisi zaidi. Mama alikaa sakafuni kila siku akitaja sufuria, maji, kuku, moto. Mwalimu wao alikubali kusema akiwa amewatazama. Watoto hao ni ushahidi wa kazi ndefu iliyofuata upasuaji, na atakayetangaza kuwa kazi iliisha chumba cha upasuaji anamfungulia mzazi mlango wa kuiacha.

Na wapo wanaoiacha. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipoanza huduma hii mwaka 2017, tulifurahi kwa haki, kwa sababu kabla ya hapo watoto walisafirishwa hadi India. Lakini tangu wakati huo tumezoea kuhesabu watoto waliopandikizwa. Sijaona tukihesabu wangapi bado wanakivaa kifaa chao. Betri huisha, waya wa sumaku hukatika, na joto la pwani na jasho la mtoto anayecheza huingia kwenye kasha la nje, ambalo bei yake ni mamilioni ya shilingi. Kwenye benchi la kliniki nilikaa na mama aliyesafiri kwa basi usiku kucha, kifaa cha mwanawe kimefungwa kwenye kitambaa ndani ya mkoba. Kilikuwa kimya tangu waya ukatike, miezi mingi iliyopita. Alikuwa akichangiwa nauli. Ndugu waliochangia mara ya kwanza walimwuliza, "Si alishapona?"

Imani hiyohiyo inamfikisha kijana wa miaka kumi na sita, kiziwi tangu kuzaliwa, mbele ya daktari, huku baba yake akiwa ameshaanza kutafuta mnunuzi wa shamba. Aliyezaliwa hasikii na akapandikizwa umri huo, mara nyingi atapata sauti za kumtahadharisha, si mazungumzo. Baba anastahili kuambiwa hivyo kabla shamba halijauzwa. Wakati huohuo, mtoto aliyepoteza usikivu jana kwa homa ya uti wa mgongo anahitaji kuharakishwa, kwani koklea yake inaweza kujaa mfupa na nafasi ya elektrodi ikapotea. Maneno "kifaa kinaponya" hayawasaidii wote wawili: mmoja yanamdanganya, mwingine hayamwambii kuwa muda unakwisha.

Lakini linaloniudhi zaidi ni kuona wazazi wakikatazwa kumfundisha mtoto lugha ya alama, eti itamzuia kuongea. Hilo si jipya. Mwaka 1880 walimu waliokutana Milan waliamua kuwa viziwi wafundishwe kwa kusema tu, na vizazi vya watoto vikafungwa mikono. Wenzao wa kongamano kama hilo waliuvunja uamuzi huo huko Vancouver mwaka 2010, mwaka uleule ambao Katiba mpya ya Kenya iliifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Sisi tunaurudisha kwa mlango wa kliniki. Mtoto mwenye kipandikizi huvuliwa kifaa kila usiku. Kinavuliwa anapoogeshwa, kinazimika betri ikiisha njiani, kinakaa kwenye mkoba waya ukikatika. Akiamka saa nane usiku ana homa, mama aliyejifunza ishara ataweza kumwuliza anaumwa wapi, kama ametapika, kama anataka maji. Mama aliyekatazwa atampapasa gizani na kubahatisha.