Umenenepa, Ndoa Imekukubali!

Mwezi uliopita nilikuwa Masoko, kule Rungwe, kwa binamu yangu. Ukishapita Tukuyu ni migomba na chai, halafu lile ziwa limetulia ndani ya shimo la volkano. Akina mama sokoni wakawa wanamsifia: "Umenenepa, ndoa imekukubali!" Akacheka. Tulipofika nyumbani akalia.

Mashavu yale si ya raha, ni ya predinisoloni. Binamu ana lupasi. Askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, wanashindwa kutofautisha adui na mwenyeji, wanashambulia viungo, ngozi, hata figo. Kati ya wagonjwa 10, kama 9 ni wanawake. Kabla hajapimwa vizuri alimeza dawa za malaria weee, na mtaa ulishatoa majibu yake: mara ukimwi, mara karogwa.

Tunachosahau ni kwamba vita hiyo inafika hadi kwenye sukari. Chembe zisizopumzika zinamwaga kemikali zinazofanya mwili usiitii insulini, na mishipa ya damu inachakaa mapema. Predinisoloni inatuliza vita, lakini nayo ikitumika sana inapandisha sukari na presha. Ndiyo maana dada wa miaka 30 anaweza kupata ugonjwa wa moyo tuliozoea kuusikia kwa wazee. Afadhali haidroksiklorokwini, ndugu ya ile klorokwini iliyoacha kuwa dawa kuu ya malaria nchini mwaka 2001: inatuliza lupasi na inasaidia hata upande wa sukari.

Sasa kilichonitoa jasho. Binamu alikuwa na siku 2 hajameza predinisoloni, kisa mume kasema "umebadilika". Jamani! Ukiitumia muda mrefu, tezi zako zinalala, haziitengenezi homoni yake. Ukiikata ghafla unaweza kufa. Dozi inapunguzwa polepole, na daktari. Tukampigia wake usiku uleule, akaagiza arudie dozi na afike kliniki kesho yake.

Shemeji nikamkalisha mbele ya sahani ya mbalaga, nikamweleza kama ninavyokueleza wewe. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama mkewe ataweza kuzaa. Anaweza, nikamwambia, ila ugonjwa uwe umetulia angalau miezi 6 na daktari ajue mapema, maana kuna dawa za kubadilisha.

Asubuhi niliwaacha wakisubiri gari la Mbeya. Binamu kavaa kofia pana (mawingu ya Rungwe hayazuii jua lote), shemeji kashika faili.