DADA STAA, TUAMBIE MTOTO ANASHIKWA NA NANI!

Leo nina la moyoni, na jina namhifadhia maana ni mke wa mtu.

Kuna staa wetu hapa Dar kila siku anatupia picha kakaa na uzi na kroshia mapajani, watoto wasafi, nyumba inang'aa, eti ukijipanga unaweza yote. Kujipanga kitu gani? Sisi tunaofuma tunajua. Seti moja ya vitambaa vya makochi mimi inanila wiki mbili, tena nafuma usiku mtoto akishalala. Akiamka uzi natupa kule, nikirudi nimesahau nilifika safu ya ngapi, nafumua naanza tena. Wenzetu wa Zanzibar wanaoshona kofia za viua, kofia moja tu inakula miezi! Kazi ya mkono haina shotikati jamani.

Sasa iangalieni vizuri ile picha yake ya juzi. Pembeni kuna mkono umeshika chupa ya maziwa. Mkono wa nani? Wa dada wa kazi, na baadhi yao watoto wao wamewaacha kijijini kwa bibi. Sikatai kuwa na dada, hata mimi ningekuwa na uwezo ningemuweka. Ila mtaje basi! Maana waume zetu wanaziona hizo picha halafu wanatuuliza, "Mbona mwenzio anaweza?" Mimi nimeulizwa jumapili, beseni limejaa vyombo, mtoto mgongoni. Nikakosa la kujibu.