Tubane Maji, Lakini Tusiyabanie Mikono



Ukiwaambia watu wa Amani wabane maji, wengi watacheka. Mvua ya hapa kwetu kwa mwaka hukaribia milimita 2,000, na Mto Sigi utokao katika milima hii ndio unaojaza bwawa la Mabayani, wanakopata maji wenzetu wa Tanga mjini. Shida ya maji, twasema, ni ya watu wa Handeni. Lakini mvua kunyesha ni jambo moja, na maji kuwamo mtungini ni jambo jingine. Kijito kiko bondeni, nyumba iko juu ya kilima, na ndoo ya lita 20 ni mzigo wa kilo 20 kichwani mwa mama. Kwa hiyo maji yanabanwa katika kila nyumba, tutake tusitake. Kosa letu ni kuyabana mahali pasipofaa.

Mtoto mmoja aliletwa zahanati mara tatu kwa ugonjwa wa kuhara. Kila mara bibi yake aliniambia kwamba maji ya kunywa wanachemsha. Nilipofika nyumbani kwao nikaona ni kweli, wanachemsha. Lakini wakati wa chakula lilikuja beseni moja. Baba alinawa kwanza, wakafuata wengine, na mtoto akanawa mwisho katika maji yaliyokuwa yamegeuka rangi. Nilipomweleza bibi alinijibu, "Mwanangu, maji haya nimeyapandisha mimi kutoka bondeni. Nikimmiminia kila mtu, jioni nitapikia nini?"

Swali lake ni la haki. Mwaka 1972 Gilbert White, David Bradley na Anne White walitoa kitabu juu ya matumizi ya maji ya nyumbani katika Kenya, Uganda na Tanzania. Walionyesha kwamba yako magonjwa yaletwayo na maji machafu, na yako mengine yaletwayo na maji kuwa machache ya kujisafishia. Upele na trakoma ya macho ni ya kundi hilo la pili, na kuhara kumo katika makundi yote mawili. Maana yake ni kwamba kuchemsha maji ya kunywa peke yake hakutoshi, ikiwa mikono inaoshwa kwa uchafu wa wenzako.

Wala kunawa vizuri hakumalizi maji. Birika la lita mbili, likimiminwa kidogo kidogo na sabuni ikiwapo, lawatosha watu sita. Beseni lile lilikuwa na maji zaidi ya hayo. Karibu na choo tuweke kibuyu chirizi: dumu dogo lenye tundu, limefungwa kamba na kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga, maji yanachirizika, ukiachia, yanakatika.

Pa kubana ni kwingine. Maji yaliyofulia nguo yaoshe sakafu ya choo. Maji yaliyooshea mchele yamwagiwe mchicha. Na sisi wanaume, ambao ni nadra kuonekana kijitoni na ndoo, tuache kuoga ndoo nzima huku tukipiga mluzi. Kata chache na sabuni zinatosha.

Kisha kuna bati. Bati lenye eneo la mita 30 za mraba, mvua ya milimita 10 ikinyesha, hushusha karibu lita 300, yaani ndoo 15 ambazo hakuna aliyezibeba. Hata yakipotea kidogo njiani, bado ni safari nyingi za bondeni. Hata hivyo wengi wetu tunayaacha yachimbe mfereji ukutani. Funga mfereji wa bati au hata wa mianzi, uyaache maji ya kwanza yasafishe vumbi, ndipo ukinge. Ya kunywa yachemshwe. Pipa lifunikwe vizuri, maana mbu waenezao dengue, homa iliyosumbua Dar es Salaam na Tanga mwaka 2019, huzaliana katika maji ya namna hiyo.

Yule bibi sasa anacho kibuyu chirizi chake, na beseni limebaki la kuoshea vyombo. Lalamiko lake jipya ni kwamba wajukuu wanakichezea, na dumu linakauka kabla ya saa sita. Nimemshauri ajaze nusu tu asubuhi, na nusu nyingine wanapotoka shule.