Mitambo pekee haitoshi kulinda viwanja vya ndege

Mwezi Juni mwaka wa 2015, serikali ya Marekani ilipatwa na fedheha baada ya kufichuka kwamba maafisa wake waliojifanya abiria walikuwa wamefaulu kupitisha silaha na vilipuzi bandia katika viwanja vya ndege mara 67 kati ya majaribio 70. Kaimu mkuu wa shirika la usalama wa usafiri, TSA, Melvin Carraway, aliondolewa wadhifani mara moja.

Shirika hilo liliundwa Novemba 2001 kufuatia mashambulizi ya Septemba 11, na lilikuwa limetumia fedha nyingi kununua mitambo ya kisasa. Hata hivyo, mtambo wa eksirei huonyesha picha tu. Anayeamua ni binadamu, na jicho la binadamu lina udhaifu wake.

Mwaka wa 2005, Jeremy Wolfe na watafiti wenzake wa Boston walieleza udhaifu huo katika jarida la Nature. Kitu kilichotafutwa kilipokuwemo katika nusu ya picha, watazamaji walikikosa kwa asilimia 7. Kilipokuwemo katika picha moja tu kati ya mia, walikikosa kwa asilimia 30. Hiyo ndiyo hali ya mkaguzi ambaye hupitisha maelfu ya mikoba pasipo kuona bastola hata moja. Si kwamba amezembea, bali akili yake imezoea kutoona kitu.

Juu ya hayo kuna uchovu. Ndiyo maana sheria za Umoja wa Ulaya humtaka mkaguzi kwa kawaida asitazame picha kwa zaidi ya dakika 20 mfululizo, kisha apumzike kazi hiyo kwa angalau dakika 10. Aidha, mitambo mingi huingiza picha bandia za silaha miongoni mwa mizigo halisi ili kumweka macho, na anayeikosa hujulishwa papo hapo.

Lakini hatua hizo hazifui dafu iwapo mkaguzi anahimizwa kila dakika apunguze foleni. Peter Neffenger, aliyechukua uongozi wa TSA mwaka huo wa 2015, alikiri mbele ya Bunge la Marekani kwamba kasi ilikuwa imetiliwa mkazo kupita kiasi.

Kwa hivyo, kumfuta mkuu mmoja au kununua mtambo mpya hakutoshi. Mkaguzi anahitaji mapumziko, mafunzo na msimamizi asiyemlaumu kwa kufungua mkoba uliomtia shaka. Abiria naye hana budi kuvumilia foleni, kwani mwenda pole hajikwai.