Kopo limepimwa, maji yako je?

Mama amefariki, au anaumwa na daktari ameshauri asinyonyeshe. Bibi ndiye aliyebaki na kichanga. Kwa familia nyingi za Ngara na Biharamulo, hapo ndipo kopo la maziwa ya unga linaponunuliwa, kwa bei inayouma. Bibi anaangalia tarehe ya mwisho wa matumizi, akiona iko mbele anatulia.

Tarehe haitoshi. Maziwa ya unga ya watoto hayatoki kiwandani yakiwa hayana kijidudu hata kimoja. Hata kopo lisilofunguliwa linaweza kuwa na bakteria aitwaye Cronobacter. Ni nadra, lakini akimpata mtoto wa chini ya miezi miwili huweza kuingia kwenye damu au ubongo na kumuua.

Je, hayapimwi? Yanapimwa. Viwango vya kimataifa vya Codex vinataka sampuli 30 za gramu 10 kutafuta Cronobacter, na sampuli 60 za gramu 25 kutafuta Salmonella. Akionekana kwenye sampuli moja tu, mzigo wote unakataliwa. Lakini hizo ni gramu chache kutoka kwenye tani za unga. Bakteria wachache wanaweza kupita.

Nchini, usalama wa chakula unasimamiwa na Shirika la Viwango (TBS) tangu 2019. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Kopo lililokwepa ukaguzi wa Rusumo na Kabanga likapita njia ya panya, hakuna anayejua limehifadhiwaje. Usinunue pia unga wa kupimiwa kwenye kifuko.

Kipimo cha mwisho kiko jikoni. Shirika la Afya Duniani linashauri maji yasiyopungua nyuzi joto 70, kwa sababu ndiyo yanayoua bakteria hao. Chemsha maji, yaache yasizidi nusu saa, kisha koroga unga. Maji yaliyokaa kwenye chupa ya chai tangu asubuhi hayafai. Poza maziwa kwa kuweka chombo kwenye maji baridi, na jaribu tone mkononi kabla ya kumpa mtoto. Kikombe ni rahisi kusafisha kuliko chupa ya chuchu. Yakipita saa mbili hayajanywewa, mwaga, hata kama roho inauma.

Mama anayeweza kunyonyesha, aendelee. Asiyeweza, amuulize mhudumu wa kliniki kabla ya kwenda dukani.