Tupimwe kwa Tunachokijua, Si kwa Miaka Tuliyokaa Darasani

Wahenga walinena kwamba elimu ni bahari. Hawakusema kwamba sote lazima tuivuke kwa chombo kimoja, kwa nauli moja na kwa mwendo mmoja. Mimi naona wakati umefika vyuo vikuu vyetu vimruhusu mtu kufanya mtihani wa somo analolijua tayari, na akifaulu, ahesabiwe somo hilo katika shahada yake bila kulilipia na kulikalia muhula mzima.

Kwa nini nashikilia jambo hili? Tazameni hapa mtaani Dallas, mjini Embu. Chuo Kikuu cha Embu kiko karibu nasi, nacho kilipewa hati yake mwaka wa 2016. Hata hivyo, kuwa karibu na chuo si kuingia, na kuingia si kumaliza. Shahada nyingi huchukua miaka minne, yaani mihula minane ya karo, chakula na kodi ya chumba. Mzazi anayetegemea kahawa, muguka au kibanda cha mboga sokoni anaumia. Mkopo wa HELB husaidia, lakini mkopo ni deni, na dawa ya deni ni kulipa. Kila muhula unaopunguzwa kwa njia ya haki ni mzigo unaomtoka mtu mabegani.

Sasa tuvuke bahari kidogo, twende Dallas ile nyingine, ya Texas, nchini Marekani. Huko kuna mitihani iitwayo CLEP, iliyoanzishwa mwaka wa 1967. Iko zaidi ya 30, katika masomo kama hesabu, historia, biashara na lugha. Hakuna anayekuuliza ulisomea wapi. Umesoma maktabani? Sawa. Umefundishwa na shangazi? Sawa pia. Unalipa takribani dola 100, unaketi kwa muda wa saa moja na nusu hivi, na ukipata alama 50 kwa kipimo kinachoishia 80, vyuo vingi vinakuhesabia somo hilo.

Hebu tupige hesabu. Shahada ya kwanza kule huhitaji krediti 120 hivi, na mtihani mmoja huweza kukupa krediti 3 au zaidi. Mitihani kumi basi ni krediti 30, yaani kazi ya mwaka mzima, kwa gharama ya dola 1,000 hivi! Kweli, kila chuo kina mipaka yake ya krediti kinazokubali, na mtu sharti aulize kabla ya kulipa. Lakini mlango uko wazi.

Labda mtasema, “Hayo ni mambo ya Wamarekani.” La hasha! Hata hapa kwetu tunayo, ila hatuyatazami vizuri. Fundi wa magari aliyejifunzia kazi gereji anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, akaanzia Gredi ya III na kupanda hadi Gredi ya I. Mhasibu hufanya mitihani ya KASNEB, baraza lililoanzishwa mwaka wa 1969, na akifuzu CPA, vyuo kadhaa humwondolea baadhi ya masomo ya shahada ya biashara. Mama aliyeacha shule akiwa Kidato cha Pili anaweza kurudi na kufanya KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi.

Tena wazee wetu waliijua njia hii. Kabla ya mfumo wa 8-4-4 kuchukua nafasi, walimu wengi wa shule za msingi walisoma usiku kwa taa ya mafuta, wakafanya KACE kama watahiniwa wa kibinafsi, wakaingia chuo kikuu. KACE ilifanywa mara ya mwisho mwaka wa 1989. Na nje ya Kenya, hayati Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria kutoka UNISA mwaka wa 1989 akiwa bado mfungwa. Je, kuna aliyethubutu kumwambia kwamba shahada yake si kitu kwa sababu hakukaa katika ukumbi wa mihadhara?

Najua wapo watakaonijibu kwamba haraka haraka haina baraka. Nami nitawajibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo! Lakini tuache kutupiana methali, tuzitazame hoja. Wanasema mtihani mmoja hauwezi kupima kila kitu. Ni kweli. Sitaki daktari aliyefaulu upasuaji kwenye karatasi tu, wala mwalimu ambaye hajawahi kusimama mbele ya darasa. Masomo ya maabara na mazoezi ya kazini yabaki yalivyo. Ninachosema ni kwamba mtu aliyefanya kazi ya kompyuta miaka mitano asilazimishwe kukaa muhula mzima akifundishwa namna ya kuiwasha.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: udanganyifu. Tusijifiche nyuma ya kidole. Mwaka wa 2015, matokeo ya KCSE ya watahiniwa zaidi ya 5,000 yalifutwa kwa sababu ya wizi wa mitihani. Mwaka wa 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba vyeti bandia zaidi ya 2,000 vilipatikana miongoni mwa watumishi wa umma. Jamani, hiyo ni aibu! Lakini anayenunua cheti haogopi kitu kama mtihani wenye usimamizi mkali. Kwa hivyo mtihani wa haki si ndugu wa cheti bandia, ni adui yake.

Kwa mintarafu hiyo, napendekeza mambo matatu. Kwanza, vyuo vyetu, vya Embu, Chuka na Meru vikiwa mstari wa mbele, vianze na masomo machache ya mwaka wa kwanza ambayo karibu kila mwanafunzi huyafanya, kama stadi za mawasiliano na kompyuta. Pili, ada ya mtihani iwe ndogo, iwe ya kulipia karatasi na msimamizi, isiwe njia nyingine ya kutukamua. Tatu, chuo kimoja kikimpa mtu alama zake, vyuo vingine vizitambue, asije akaanza upya akihama.

Nanyi wenzangu wa Kidato cha Nne, msidhani naleta njia ya mkato ya wavivu. Kusoma peke yako, bila kengele na bila mwalimu wa zamu, ni kazi ngumu kuliko kusukumwa. Anayependa kulala preps hatafika popote kwa njia hii. Lakini yule anayeamka alfajiri kukamua ng’ombe kisha akafungua kitabu, huyo namtetea. Mgala muue na haki yake mpe: kama anajua, apewe mtihani, na akifaulu, apewe haki yake.

Walimu wetu wapendwa, ninyi mliopitia huko mwasemaje? Ukumbi wa mjadala ni wenu Ijumaa ijayo.