Mdai, si Mwaminifu

Kila anapotajwa Mohamed Husen, mwigizaji wa filamu na jukwaa huko Berlin, neno "mwaminifu" humfuata kama kivuli. Askari mwaminifu, mtumishi mwaminifu. Hata kitabu cha maisha yake, alichokiandika Marianne Bechhaus-Gerst mwaka 2007, kina jina lenye maana ya "mwaminifu hadi kufa". Mwandishi amelitia kejeli, lakini msomaji wa haraka haisikii.

Kazi yangu ni kufasiri, nami nasema neno hilo ni tafsiri mbovu.

Huyu alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, jina lake Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa askari wa Wadachi. Vita vilipozuka mwaka 1914 mtoto naye akaingizwa jeshini, umri wake miaka 10. Mwaka 1929 alifika Berlin, akaenda Wizara ya Mambo ya Nje kudai mishahara ya vita, yake na ya baba yake. Akaambiwa muda umepita. Je, mtu avukaye bahari kufuata haki yake huitwa mwaminifu? Kwa Kiswahili changu huyo ni mdai.

Akabaki kulekule. Akawa mhudumu katika jumba la starehe la Haus Vaterland, akasaidia kusomesha Kiswahili Chuo Kikuu, akaigiza katika filamu zaidi ya 20, nyingi akivishwa utumishi. Aliomba nishani ya wapiganaji, akanyimwa. Akaivaa hivyo hivyo. Mwaka 1941 akatokea katika filamu ya kumtukuza Carl Peters, yule tuliyemwita Mkono wa Damu, naye akapewa kuwa Ramasan, kiongozi wa njia wa Peters. Mwaka huohuo alikamatwa kwa kosa la kupendana na mwanamke wa Kijerumani, akatiwa kambi ya Sachsenhausen bila ya hukumu. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Wapo wenzetu wasemao: kibaraka, na tumwache huko. Nawajibu kwamba kibaraka hachagui umri wa miaka 10. Lakini sitaki kumtakasa pia, na hapa ndipo niwapelekapo wasomaji wetu wa visiwani, mbali kidogo na bahari yetu.

Oktoba 1917 alijeruhiwa Mahiwa, kwenye njia ya kutoka Lindi kwenda Masasi, akatekwa na Waingereza. Alikuwa na miaka 13. Wenzake wakarudi nyuma kupanda uwanda wa Makonde, wakapita Newala, na tarehe 25 Novemba wakavuka Ruvuma. Kule juu maji yalikuwa ya shida, yakiteremkiwa mabondeni na kupandishwa kichwani. Majeshi yote mawili yalikula chakula cha wenyeji na kuwabebesha mizigo wana wao. Wapagazi waliokufa, aghalabu hata majina hayakuandikwa.

Basi mdai wetu naye anadaiwa. Mtoto yule alikula katika sufuria ya jeshi lile. Anayemlilia Husen bila ya kumtaja mpagazi wa Newala amesoma nusu ya daftari, na anayemtukana amesoma nusu nyingine.

Mwaka 2007 huko Berlin walitia jiwe dogo lenye jina lake mbele ya nyumba aliyokaa, Brunnenstraße. Limeandikwa kwa Kijerumani. Mshahara alioudai hakulipwa.